Jinsi ya kufundisha uzazi wa seli za ubongo kwa korosho na ukindu

Juzi nilikaa barazani Mikindani na mpwa wangu wa kidato cha sita, tukapanga ubongo juu ya mkeka. Tafuta korosho zenye maganda (usizipasue, mafuta ya ganda yanaunguza), chane za ukindu, chaki na mtama. Video weka kando. Mkono ukisogeza kitu, kichwa kinashika.

Hatua ya 1. Chora mstari. Huo ni ukuta wa ndani wa mrija wa neva, chanzo cha ubongo katika kiinitete, ambao hujifunga kama siku ya 28 ya mimba. Panga korosho hapo; kila moja ni seli shina, yaani seli inayoweza kugawanyika na kuzaa seli za aina nyingine. Mwanzoni seli shina moja huzaa seli shina mbili, basi ongeza tu.

Hatua ya 2. Kila korosho iwekee ukindu mrefu kwenda juu. Sasa inaitwa glia radiali. Ikigawanyika, mara nyingi moja hubaki shina na nyingine hushika njia ya kuwa neuroni, seli ya ubongo inayopeleka ujumbe. Hazigeuki zote kwa pamoja kwa sababu neuroni changa humwonyesha jirani protini ya Delta, jirani akaipokea kwa kipokezi chake kiitwacho Notch, naye akabaki shina.

Hatua ya 3. Hapa tulikaa mpaka adhana ya magharibi. Neuroni hupanda kwa kufuata ukindu hadi kwenye gamba la ubongo, yaani tabaka lake la nje. Mpwa wangu alizipeleka za kwanza juu kabisa, zilizofuata akazipanga chini yake. Sivyo. Fikiria magunia ghalani: lililoingia kwanza ndilo la chini. Neuroni inayozaliwa baadaye huzipita zilizotangulia, ikatua juu yao. Andika namba kwa chaki kwenye kila korosho, 1, 2, 3, la sivyo mtabishana kama sisi. Angalia pia mambo mawili. Tabaka la juu kabisa lina seli zilizowahi mapema zikabaki hukohuko. Na neuroni nyingi zenye kazi ya kutuliza nyingine hazipandi hapa. Huzaliwa sehemu ya chini ya ubongo wa mbele, zikaja kwa ubavu. Ziingize kutoka pembeni mwa mkeka.

Hatua ya 4. Neuroni zikipungua kuzaliwa, shina zilezile hugeukia kuzaa astrosaiti, seli zinazosaidia neuroni, kisha oligodendrosaiti zinazovika nyuzi za neva mayelini, ala yenye mafuta.

Hatua ya 5. Mtama ni maikroglia, walinzi wa ubongo. Usiutoe kwenye korosho hata moja. Asili yao ni kifuko cha kiiniyai, kilicho nje ya mwili wa kiinitete, nao huingia mapema, kabla ya astrosaiti. Uanzishe nje ya mkeka, chini sakafuni, halafu uingize punje mojamoja.