SOMO: Namna ya kuandika daftari la kazi za mashemasi

Wapendwa, kila robo ya mwaka Meza ya Bwana, ibada ya mkate na divai, ikikaribia napokea maswali yaleyale: mkate unaandaliwaje, mabeseni ya kutawadhana miguu yakae wapi, nani ahesabu sadaka. Naandika hapa mara moja, ili kila kanisa liwe na daftari lake la kazi hizi. Nasema na Waadventista wa Sabato. Wa makanisa mengine fuateni utaratibu wenu.

1. Nunua kauntabuku. Karatasi moja moja hupotea.

2. Kila kazi na ukurasa wake: wageni, sadaka, ubatizo, Meza ya Bwana, wagonjwa, usafi wa jengo.

3. Andika ukimtazama mtu akifanya kazi. Shemasi mzoefu ukimuuliza tu ataruka hatua, maana mikono yake imeshazoea.

4. Meza ya Bwana. Hapa nendeni taratibu. Maandalizi yaishe Ijumaa kabla jua halijazama: mkate wa unga wa ngano, mafuta, maji na chumvi, bila chachu, divai ya zabibu isiyochacha, vitambaa vilivyopigwa pasi. Kutawadhana miguu, wanaume mahali pao na wanawake pao, maji ya vuguvugu, taulo za kutosha, na pa kunawia mikono kwa sabuni kabla ya kurudi ibadani. Taja pia nani anamwaga maji yaliyotumika.

ANGALIENI MABAKI. Ukurasa mwingi huishia watu wanapoimba wimbo wa mwisho, na hapo ndipo mambo huharibika. Mkate na divai vilivyobarikiwa havirudi kwenye matumizi ya kawaida: haviliwi jikoni, watoto hawagawiwi. Viondolewe kwa heshima baada ya ibada. Kwetu mkate huchomwa, divai humwagwa ardhini. Mhusika aandikwe kwa cheo, si kwa jina, kwani uchaguzi ukipita jina halina kazi tena.

5. Sadaka zisizo kwenye bahasha mhazini azihesabu mbele ya kiongozi mwingine, hasa shemasi, naye apewe risiti. Mtu asihesabu peke yake hata awe mwaminifu vipi. Utaratibu huu unamlinda yeye kwanza.

6. Baraza la kanisa lipitie.

MASWALI

— Hamira kidogo tu, mkate uwe laini, kuna ubaya?
Soma hatua ya 4.

— Shemasi, tutumie daftari la kwenu tutoe kopi, muda hatuna.
Hapana. La kwetu linataja stoo yetu na bomba letu. Mkilinakili mtabaki na daftari lisilowahusu.

— Huku kijijini mashemasi wetu wawili wazee hawasomi. Daftari litawafaa?
Ahsante sana kwa swali hili. Hao ndio wenye daftari kichwani. Kijana aketi nao, wao waseme yeye aandike, kisha awasomee wamsahihishe. Meza na mpangilio wa mabeseni vichorwe. Kabla ya kila huduma ukurasa usomwe kwa sauti, wote wasikie.

— Na mgonjwa aliye nyumbani?
Mchungaji au mzee wa kanisa ndiye humpelekea mkate na divai, shemasi anaweza kufuatana naye. Tengeni sehemu yake mapema.

— Mimi ni shemasi wa kike. Nyongeza: vile vikombe vidogo viloweke mara tu vinaporudi. Zabibu ikikaukia ndani hunata, na kitambaa hakifiki chini.
Nimeiongeza, dada. Kwa taulo je, mnatumia dawa gani zitakate?
Sabuni ya mche na jua, basi.