Fizi Zimevimba na Waya Bado Ziko Mdomoni: Fanya Hivi

Mzazi akimleta mtoto mwenye fizi nyekundu zilizotuna, ombi huwa ni lilelile: "Musawo (daktari), toeni hizi waya, zinamuumiza mtoto." Mimi ni msaidizi wa daktari wa meno hapa Kampala. Nilikulia kambi ya jeshi Jinja, Kiswahili ndicho tulichochezea, kwa hiyo wageni kutoka Goma, Busia na Mutukula wakifika kliniki huelekezwa kwangu. Na jibu langu huwa moja: waya zenyewe, hizi za kunyoosha meno, mara nyingi hazina kosa. Mwenye kosa ni ukoga, yaani utando wa uchafu wa meno, uliojificha kati ya kifungo na ufizi.

Tazama jino moja kwa karibu. Katikati yake pamegandishwa kifungo, juu ya kifungo imepita waya, na kimpira kimeishika. Chini ya hapo, mpaka kwenye ufizi, kuna nafasi ndogo ambayo mswaki unaopigwa harakaharaka hauifikii kamwe. Vyakula vyetu navyo vinanata: posho (ugali), matoke, viazi vitamu. Embe ndilo baya kuliko vyote, nyuzi zake hujisokota kwenye waya hata ulimi usiweze kuzing'oa. Vijidudu hula mabaki hayo, na ufizi unavimba kwa kupambana navyo. Mwaka 1965 mtafiti Harald Löe na wenzake, huko Denmark, waliwaomba watu 12 wenye fizi nzima waache kabisa kusafisha meno. Kabla ya wiki tatu kwisha wote walikuwa na fizi zilizovimba. Waliporudia usafi, zikapona. Na hao hawakuwa na waya.

Zipo sababu nyingine pia. Kubalehe huzifanya fizi kuwa nyepesi kuvimba, na umri huo ndio wengi wanaowekewa waya. Ujauzito vilevile. Anayelala mdomo wazi, fizi za mbele humkauka na kuvimba. Baadhi ya dawa, kama fenitoini ya kifafa na nifedipini ya presha, hukuza fizi; mwambie daktari kama unazitumia, lakini usiache dawa ya kifafa kwa sababu ya fizi. Ikiwa uvimbe uko mahali pamoja tu, huenda ncha ya waya inachoma. Bandika nta ya meno juu yake, uende ikakatwe kliniki. Kikata kucha usikitumie, kipande kinaweza kumezwa. Kuna pia maumivu ya siku chache baada ya waya kukazwa: hayo ni ya meno yanayosogea, na dawa yake ni paracetamol na uji.

Sasa kusafisha. Simama mbele ya kioo penye mwanga, inua mdomo wa juu kwa kidole. Tumia mswaki laini na dawa ya meno yenye floraidi. Laza mswaki kwa mshazari, nywele zake ziguse pale jino linapokutana na ufizi, kisha utikise taratibu, jino hadi jino. Ukimaliza mstari huo, rudi juu ya waya ukielekeza nywele chini, halafu chini ya waya ukizielekeza juu. Upande wa ndani usiusahau. Halafu chukua kiburashi chembamba cha kati ya meno, kipenyeze nyuma ya waya, pembeni mwa kila kifungo. Hapo ndipo utaona uchafu ambao ungeapa haupo. Usiku pitisha uzi wa meno. Kuna kisindano cha plastiki cha kuupitishia chini ya waya. Tema povu, usisukutue kwa maji mengi, acha floraidi ibaki.

Baba mmoja mwanajeshi aliwahi kuniambia, "Sista, damu inatoka, nimemwamuru apumzishe mswaki." Nikamjibu, "Afande, hiyo amri tuibatilishe." Damu ni dalili kwamba ufizi unaumwa kwa uchafu. Ukiupumzisha mswaki, uchafu unaongezeka na damu nayo inaongezeka. Piga kwa upole, lakini piga.

Maji ya chumvi yanasaidia kutuliza: nusu kijiko cha chai kwenye glasi ya maji vuguvugu, sukutua, tema, mara mbili au tatu kwa siku. Hayaondoi ukoga, kwa hiyo hayachukui nafasi ya mswaki. Daktari akikuandikia klorheksidini, dawa ya kusukutua inayoua vijidudu, itumie kwa muda aliokupa, kwa kawaida si zaidi ya wiki mbili, na uiache mbali na dawa ya meno kwa angalau nusu saa maana zikikutana hupunguzana nguvu. Inatia meno madoa ya kahawia, hasa kwa mnywaji wa chai ya rangi. Na tafadhali, usibandike aspirini kwenye ufizi; inaunguza.

Ukisafisha hivi kila siku, ndani ya wiki moja au mbili utaona wekundu unapungua. Usipopungua, rudi kliniki. Huenda kuna ugaga, yaani ukoga uliogeuka mgumu kama jiwe, na ugaga mswaki hauuwezi, unakwanguliwa. Fizi zikiwa zimekua mpaka kufunika vifungo, daktari anaweza kuzipunguza kwa ganzi. Lakini uso ukivimba, homa ikapanda, usaha ukatoka, au mtoto akashindwa kumeza au kufungua mdomo, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Wanafunzi wa bweni ndio wanaonipa kazi. Muhula ni kama miezi mitatu, na waya huhitaji kuangaliwa kila baada ya wiki nne hadi nane, hivyo ukingoja likizo umechelewa. Omba ruhusa ya katikati ya muhula mapema, kabla hujalipa karo ikiwezekana, wakati shule bado inakusikiliza. Kwenye sanduku weka miswaki miwili, viburashi vya ziada, nta, kioo kidogo na chumvi kwenye kikopo. Mwambie matroni kwamba mtoto anahitaji kikombe cha maji baada ya chakula cha mchana, hata siku ambayo bomba limekauka. Kikombe kimoja kinatosha.