Duka Mombasa, mwenyewe ughaibuni: jina la nani liko kwenye karatasi?

Barua ile ya kututaka tuhame ilikaa zaidi ya miezi mitatu ndani ya droo ya kaunta. Mwenye jengo aliileta dukani kwetu Mwembe Tayari, kijana wetu akaipokea, akaitia sahihi, akaendelea kupima mchele. Mimi nilikuwa Leicester kwenye kazi za usiku, kila mwezi natuma pesa za bidhaa. Habari zilipotufikia, muda wa kujibu ulikuwa umekwisha. Duka la miaka sita tukalihamisha kwa mkokoteni.

Simlaumu kijana. Hakuna aliyemwambia afanye nini na karatasi kama ile, na wa kumwambia nilikuwa mimi.

Kwa hivyo wewe uliyeko Jeddah, Doha au London, na una duka, mkahawa au hoteli ndogo Mombasa, anza na pango. Kenya ina sheria ya tangu 1965, Sura ya 301, inayomlinda mpangaji wa maduka, mahoteli na mikahawa. Kama wewe na mwenye jengo hamkuandikiana, au mliandikiana kwa muda usiozidi miaka 5, pango lako liko chini ya ulinzi huo. Hawezi kukupandishia kodi wala kukutoa kwa neno la mdomo. Lazima alete notisi kwa fomu iliyowekwa na sheria, na notisi hiyo haianzi kazi kabla ya miezi 2 kupita tangu uipokee.

Hapo ndipo saa inapoanza kuhesabu. Ndani ya mwezi 1 mjibu kwa maandishi kama unakubali au hukubali. Kama hukubali, peleka shauri kwenye baraza la serikali linaloamua kesi za kodi za majengo ya biashara kabla ya tarehe ya notisi kufika. Ukilipeleka kwa wakati, notisi inasimama mpaka shauri liamuliwe. Ukinyamaza, inashika kama ilivyoandikwa. Mwagize aliyeko dukani: karatasi yoyote inayotaka sahihi iandikwe tarehe iliyopokelewa, ipigwe picha na itumwe siku hiyohiyo, hata kama huko kwako ni saa nane za usiku. Na kilemba, yaani pesa ulizotoa ili upewe duka, kiwe na risiti yenye jina lako.

Jina lako, nasema, kwa sababu hapa ndipo wengi wetu tunapoumia. Unatuma pesa, mpwa anasajili jina la biashara kwa kitambulisho chake kwa kuwa ni rahisi, miaka inapita kwa heri. Siku mnapokosana, au akaoa na wakweze wakauliza duka ni la nani, rekodi inasema ni lake. Pesa zako zote zinaonekana kama zawadi ya mjomba.

Usajili hufanywa kwa eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, na unaweza kuufanya mwenyewe ukiwa huko huko. Jina la biashara ni la bei nafuu, lakini halikutenganishi na deni: duka likidaiwa, unadaiwa wewe. Kampuni ni mtu mbali na wewe, na tangu Sheria ya Makampuni ya 2015 mtu mmoja peke yake anaweza kuimiliki. Mpwa anaweza kuwa mkurugenzi na kuendesha kazi, hisa zikabaki kwako. Kila mara omba CR12 mpya. Ndiyo karatasi inayoonyesha wakurugenzi na wenye hisa kama walivyo leo, si kama ulivyoambiwa. Till ya M-Pesa na akaunti ya benki ziwe za kampuni pia. Nimeona watu wana kampuni safi kabisa, na mauzo yote yanaingia kwenye simu ya shemeji.

Ukihitaji mtu akutilie sahihi, mpe hati ya uwakala. Iandikwe na wakili wa Kenya, uitie sahihi mbele ya mthibitishaji wa huko au kwenye ubalozi wa Kenya, kisha isajiliwe nyumbani. Taja kazi moja moja: kulipa kodi, kujibu notisi, kufuatilia leseni. Mamlaka ya kuuza au kukopa usiyaweke ndani, hata kwa ndugu umpendaye. Na ukiifuta, usajili wa kuifuta ufanywe na benki ijulishwe.

Kuna jambo la Pwani ambalo wakili wa Nairobi anaweza kulisahau. Mitaa kama Majengo ina nyumba bila ardhi: nyumba ni yako, kiwanja ni cha mtu mwingine unayemlipa kodi ya kiwanja. Ukiuziwa chumba cha duka kwa bei tamu, uliza kwanza unauziwa nini. Fanya sachi, yaani upekuzi wa rekodi, kwenye ofisi ya ardhi, dai risiti za kodi ya kiwanja, na uone mwenye kiwanja anakubali mauzo. Kama umechukua uraia wa nje na huna tena wa Kenya, Katiba ya 2010 inakuruhusu kumiliki ardhi kwa ukodishaji tu, usiozidi miaka 99. Mzaliwa aliyepoteza uraia wake anaweza kuomba aurudishe, na mimi ningefanya hivyo kabla ya kununua chochote.

Mengine ni ya kukumbuka tu: kibali cha kaunti kila mwaka, PIN ya KRA (mamlaka ya ushuru), VAT (kodi ya ongezeko la thamani) mauzo yakifika shilingi milioni 5 kwa mwaka, na mkataba wa maandishi kwa mfanyakazi wa miezi 3 au zaidi.

Wadeni nao wasikunyime usingizi. Mahakama ya Madai Madogo husikiza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, na sheria inataka yamalizwe ndani ya siku 60. Kama huwezi kufika, mtu uliyemwidhinisha anaweza kusimama kwa niaba yako. Mdogo wangu alikwenda na daftari la mikopo, risiti na barua yangu ya ukurasa mmoja. Ndani yake niliandika kwamba anaijua kesi yote na ana ruhusa ya kuamua kwa niaba yangu, hata kukubali malipo kwa awamu, kwa sababu hayo mawili ndiyo mahakama huyauliza kabla ya kumsikiza.