Kabla hujanunua lori la umeme, piga hesabu hizi kwanza

Wakuu, usianze na bei ya gari, anza na ruti yako. Chukua daftari la safari la mwezi mzima uone gari linatembea kilomita ngapi kwa siku na linalala wapi, maana hapo ndo kila kitu kilipo. Mfano Mercedes-Benz eActros 600, betri yake ina uniti (kWh) 621 na wenyewe wanasema kilomita kama 500 kwa chaji moja, sasa Dar kwenda Tunduma ni zaidi ya 900 na njiani una mlima Kitonga, kwahiyo hiyo bado sana. Ila bandarini kwenda bandari kavu ya Kwala na kurudi, hata Morogoro kwenda na kurudi, inaingia vizuri tu.

Mafuta sasa. Semi lenye mzigo weka lita 40 kwa kilomita 100, zidisha na bei ya sheli yako ya leo. La umeme weka uniti 120 kwa hizo hizo kilomita 100, zidisha na bei unayolipa TANESCO, toa kwenye ile ya mafuta, gawa kwa 100 upate ya kilomita moja, alafu zidisha na kilomita za mwaka. Hiyo tofauti ndo inatakiwa ilipe ile hela ya ziada uliyonunulia gari, na riba ya benki juu.

Watu wengi wanasahau chaja. Ya kilowati 60 itakuweka yadi zaidi ya saa 10 kuijaza hiyo betri, na transfoma nayo ulizia mapema. Betri ina tani kadhaa, Vigwaza mizani inaisoma, punguza mzigo kwenye hesabu.