Namna ya kumwachisha paka kurusha mkojo ndani ya nyumba

Kwanza mwenye paka ahakikishe kwamba anachokiona ni kurusha mkojo na si kukojoa ovyo, kwa kuwa mambo haya mawili hayatibiwi kwa njia moja. Paka anayerusha husimama, huupa mgongo ukuta, mlango au pazia, huinua mkia ukawa unatetemeka, kisha hutoa mkojo kidogo unaotiririka ukutani. Anayekojoa huchutama na kuacha dimbwi sakafuni. Dume anayechutama mara kwa mara, akajikamua na kulia bila ya kutoa kitu, huenda njia yake ya mkojo imeziba. Huyo apelekwe kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo, kwani anaweza kufa ndani ya siku moja au mbili.

Dawa kubwa ya kurusha ni kuhasi. Dume huanza tabia hii akiwa na umri wa miezi sita hivi, na jike naye hurusha, hasa anapotaka dume. Kuhasi huiondoa au kuipunguza sana tabia hiyo kwa takriban madume tisa katika kumi, ingawa huenda zikapita wiki kadhaa kabla ya matokeo kuonekana. Wenye shaka ya kidini juu ya jambo hili wamuulize mwanachuoni wanayemwamini, lakini wasilicheleweshe, maana mazoea yakikaa hata paka aliyehasiwa huweza kuendelea.

Mahali palipolowa huonyesha sababu. Mkojo ukiwa mlangoni na madirishani, anayemsumbua paka wako yuko nje, na katika Mji Mkongwe, ambako nyumba zimebanana na paka shume hupita watakavyo barazani na mapaani, hali hii ni ya kawaida mno. Usiache mabaki ya samaki barazani, funika pipa la taka, na funga sehemu ya chini ya dirisha ili paka wa ndani asimwone mgeni. Mkojo ukiwa ukumbini, kwenye makochi au kwenye mzigo uliotoka safari, chunguza mabadiliko ya ndani: paka mpya, mgeni, au paka wawili wasiopatana. Walishe mbalimbali, na weka mabeseni ya mchanga sawa na idadi ya paka, pamoja na moja la ziada, bila ya kuyakusanya pembe moja.

Usafi unataka uangalifu zaidi kuliko wengi wanavyodhani. Msala au busati likimiminiwa maji hutoharika, lakini harufu inayomwita paka arudie palepale hubaki, kwa sababu chembe za asidi ya yuriki haziyeyuki kwa urahisi katika maji, na unyevunyevu wa masika huziamsha upya. Tumia sabuni ya unga yenye vimeng'enya, yaani viambato vinavyovunjavunja uchafu, iloweke mahali hapo kwa muda, suuza, kisha acha pakauke kabisa. Klorini isitumike, kwani ikikutana na mkojo hutoa hewa inayodhuru mapafu. Siki nayo, ambayo wengi huisifu, isipakwe kwenye kuta za mawe na chokaa, maana huila chokaa. Kuta hizo hufyonza mkojo, hivyo huhitaji kuoshwa zaidi ya mara moja. Usiku, taa ya zambarau ya kukagulia noti huonyesha madoa ambayo macho hayayaoni. Palipokwisha kukauka pawekwe sahani ya chakula, kwa kuwa paka kwa kawaida harushi mkojo anapokula.

Kumpiga au kumsugua pua kwenye mkojo ni dhuluma isiyofaa kitu, kwani hofu ni miongoni mwa mambo yanayomfanya arushe zaidi. Akiendelea baada ya haya yote, daktari wa mifugo anaweza kumwandikia dawa ya kupunguza wasiwasi kama fluoksetini, kwa kipimo cha paka. Usimpe mwenyewe dawa za binadamu. Parasetamoli, hata kidogo, humuua.