Somo: Kuchagua mkono wa gololi ili tela likae sawa

Nilivuta tangi la maji la lita 1,000 kwa Hilux, kutoka Chalinze kuelekea Segera. Tangi limejaa hadi mdomoni, tela lina breki zake, nikajiona nimekamilika. Nilipofika spidi 80 hivi tela likaanza kutikisa mkia, kushoto, kulia, na kila likienda linaburuta matako ya gari. Nikatoa mguu kwenye mafuta bila kugusa breki, likatulia lenyewe. Niliposhuka kuangalia nikaona ujinga wangu: pua ya tela imeangalia mawingu. Mkono niliofunga ulikuwa wa kunyooka, na gari lenyewe ni refu.

Tuelewane majina kwanza. Tundu la mraba chini ya bampa ndiyo soketi. Chuma kinachochomekwa humo na kubeba gololi, lile tufe la chuma la kuvutia tela, ndiyo mkono. Kinachofunika gololi upande wa tela ni kikombe, na chuma cha mbele ya tela kinachokibeba ndiyo shingo.

Hatua ya 1: pima, usikadirie. Egesha kwenye sakafu iliyonyooka, si kwenye kifusi. Inua au shusha shingo ya tela kwa jeki mpaka pima maji ikuambie fremu imelala sawa, kisha chukua futikamba upime kutoka chini hadi mdomo wa chini wa kikombe. Langu lilisoma sentimita 43. Halafu nenda kwenye gari, upime kutoka chini hadi ukuta wa juu wa soketi, kwa ndani. Nilipata 56. Tofauti ni 13, kama inchi 5.

Hapa ndipo wengi tunapokosea. Zile 56 nilizipata gari likiwa tupu. Nikiwa na abiria, mizigo ya nyuma na uzito wa shingo, springi zililala sentimita 3 na soketi ikabaki 53. Mshuko wa kweli (kiasi ambacho mkono unashusha gololi chini ya soketi) ukawa sentimita 10, yaani inchi 4. Mikono mingi inauzwa kwa inchi 2, 4, 6. Kwa kipimo cha gari tupu ningebabaika kati ya 4 na 6. Kwa gari lenye mzigo jibu lilikuwa moja tu. Ikitokea hakuna saizi yako kamili, afadhali pua ishuke kidogo kuliko ipande. Tela la ekseli mbili lina deko zaidi, maana likiinama ekseli moja inabebeshwa kazi ya mwenzake.

Soketi yako ikiwa chini kuliko kikombe, unahitaji mkono wa kupanda. Mara nyingi ni uleule, unafungua gololi na kuugeuza juu chini, ila hakikisha aliyeutengeneza anaruhusu.

Hatua ya 2: gololi. Saizi imegongwa juu ya kikombe. Isome, ikibidi ukwangue kutu.

Hatua ya 3: uzito. Soketi, mkono, gololi na kikombe, kila kimoja kina kiwango chake. Kidogo kuliko vyote ndicho kikomo chako, hata kama vingine vinabeba tani 3. Shingo yenyewe ibebe kama asilimia 10 ya uzito wote wa tela, bila kuvuka kiwango cha gari. Tela langu likijaa ni kilo 1,300, kwa hiyo 130. Weka mizani ya magunia chini ya shingo, kwa urefu uleule wa kuvutia, usome. Ikiwa nyepesi, sogeza mzigo mbele ya ekseli.

Hatua ya 4: pini ishike mkono kwenye soketi, klipu ifunge pini, minyororo ya usalama ipishane chini ya shingo. Ukishafunga kikombe, jaribu kuinua shingo kwa jeki. Nyuma ya gari ikiinuka pamoja nayo, kimeshika. Kikombe kikichomoka, bora kichomokee hapo nyumbani.

MASWALI

Mkuu, kikombe changu ni cha milimita 50, dukani nimepata gololi ya inchi 1⅞. Inaingia vizuri tu. Niichukue?
Inaingia kwa sababu ni ndogo, milimita 47.6. Ukiruka tuta moja la barabarani inatoka vilevile vizuri. Tafuta ya 50. Ya inchi 2 kamili ni 50.8, usiilazimishe kwenye kikombe cha 50 kinachobana.

Kaka, fundi wangu wa kuchomelea anasema ataurefusha mkono kwa elfu thelathini. Ni rahisi kuliko kununua mkono wa mshuko.
Mkono ukirefuka nguvu ya kukunja soketi inaongezeka, na kiwango kilichogongwa juu yake kinakuwa hakina maana tena. Huyo fundi mpe kazi ya geti.

Samahani mwalimu, mimi navuta tela moja kwa magari mawili, Land Cruiser na Noah. Ninunue mikono miwili?
Dada, ipo mikono ya kurekebika, gololi inapanda na kushuka kwa matundu na pini. Ni mizito na bei imesimama, lakini kwako inalipa. Andika kwa rangi tundu la kila gari. Na kabla ya Noah kugusa tela hilo, soma kitabu chake kinaruhusu kilo ngapi.

Nimepima kila kitu, tela limelala sawa, bado linagongagonga nikipunguza mwendo.
Shika mkono kwenye soketi uutikise. Mkono ukicheza, unahitaji kibano cha kuukaza. Usipocheza, kikombe kina skrubu ya kurekebisha kwa chini. Kaza robo mzunguko, ujaribu tena.