Kutengeneza Kikaragosi cha Nyuzi Pamoja na Mtoto

Kikaragosi cha nyuzi huonekana hai kwa sababu ya uzito wake na ulegevu wa viungo vyake, wala si kwa uzuri wa sura. Mara nyingi mzazi na mtoto hutumia saa nzima kupaka rangi uso na kushona nguo, kisha hufunga nyuzi harakaharaka, na kinachopatikana ni mwanasesere wa kupendeza anayening'inia tu. Kwa hiyo ni vyema muda mwingi utengwe kwa ajili ya viungo na nyuzi, na mapambo yaje mwishoni.

Tayarisha karatasi ngumu ya boksi, magazeti ya zamani, gundi nyeupe, vipande vya kitambaa, nati za chuma, vijiti vitatu vyepesi na uzi wa pamba ulio mnene kidogo. Uzi wa nailoni ni imara, lakini mafundo yake huteleza na humkatisha tamaa mtoto. Kukata boksi na kutoboa matundu ni kazi ya mtu mzima. Mtoto akunje karatasi, apake gundi na apitishe uzi. Kama nyumbani kuna mtoto wa chini ya miaka 3, nati na nyuzi ndefu zisiachwe mahali anapoweza kuzifikia, kwa kuwa anaweza kupaliwa na nati au uzi ukamzinga shingoni.

Kichwa hutengenezwa kwa kufinyanga gazeti liwe tufe la upana wa sentimita 6 hivi, kisha kulifunika kwa vipande vya karatasi vilivyopakwa gundi na kuliacha likauke kabisa. Kiwiliwili ni bomba la karatasi ngumu lenye urefu wa sentimita 10. Unganisha viwili hivi kwa uzi unaopita ndani ya kichwa na kushuka hadi ndani ya bomba, ukiacha nafasi ya sentimita 1 shingoni, ili kichwa kiweze kugeuka na kuinama. Fundo la shingo likazwe vizuri, kwa sababu ndilo litakalobeba mwili wote.

Kila mkono na kila mguu una mabomba mawili membamba. Mikono iungwe kwa uzi uliolegea. Magoti yanahitaji uangalifu zaidi: ukiyaunga kwa uzi peke yake, mguu utakunjika kuelekea mbele na nyuma, na mwendo utakuwa wa ovyo. Gandisha kipande cha kitambaa upande wa nyuma wa goti, huku ncha za mabomba mawili zikigusana kwa mbele. Sasa mruhusu mtoto aukunje mguu huo kwa kidole: ukisukumwa nyuma unakubali, ukisukumwa mbele unagoma. Mwambie ajaribu na goti lake mwenyewe, naye ataelewa papo hapo.

Tia nati mbili ndani ya kila mguu na moja katika kila kiganja. Kikaragosi chepesi huyumba, na uzi ukilegezwa mguu hubaki umeinuka badala ya kushuka chini.

Kishikio ni vijiti viwili vilivyofungwa kwa umbo la msalaba. Nyuzi mbili za kichwa hutoka juu ya masikio na kufungwa kwenye ncha za kijiti cha kukingama. Uzi mmoja pekee hautoshi, kwani kikaragosi kitazunguka hovyo. Nyuzi hizi hupimwa kwa kimo cha mtoto: asimame, akunje kiwiko hadi mkono uwe sambamba na sakafu, ashike kishikio, na nyayo za kikaragosi ziguse sakafu. Funga kwanza fundo la kitanzi linalofunguka kwa urahisi, urekebishe mpaka kichwa kikae sawa, ndipo ukaze.

Kwa mikono, tumia uzi mmoja mrefu unaotoka kiganja kimoja, ukapita katika kitanzi kidogo kilichofungwa ncha ya mbele ya kishikio, na kushuka hadi kiganja cha pili. Mtoto akivuta upande wowote, mkono wa upande huo huinuka. Magoti yapewe kijiti cha tatu, ambacho hushikwa kwa mkono mwingine, na nyuzi zake zifungwe juu kidogo ya goti, upande wa mbele wa paja. Kwa mtoto wa miaka 5 au 6, ningeacha nyuzi za magoti kwanza. Azoee kichwa na mikono, kisha ziongezwe anapoanza kuzitaka mwenyewe.

Mafunzo yaanze kwa kusimama bila kuelea, kwa kuwa hilo ndilo gumu kuliko yote. Baadaye kikaragosi kitazame kitu, kitulie kidogo, ndipo kiinue mkono kukielekea. Kutembea hufuata kwa kuinamisha kijiti cha magoti kulia na kushoto polepole, huku kishikio kikisogea mbele kwa kasi ileile.

Mchezo ukiisha, mtoto ashike kishikio juu na wewe ukizungushe kikaragosi mpaka nyuzi zote zisokotane kuwa kamba moja, kisha kitundikwe kwenye msumari. Kesho yake kikizungushwa kinyume, nyuzi zitafunguka bila kutatizana.